Kumlea Ndege Mpaka Ajitegemee

Watu wengi wakisikia kwamba mtu ni mwanabiolojia wa uhifadhi, hudhani kazi yake ni kuzungushia misitu uzio, kuandika ripoti na kuhimiza miti isikatwe. Hayo nimeyafanya pia, lakini sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi imepita katika shughuli ambazo mfugaji yeyote wa kuku angezitambua mara moja: kumulika mayai, kupima uzito wa vifaranga, kusugua vyombo vya maji, kukatakata nyama vipande vidogo, na kukesha karibu na mashine ya kutotoleshea nikihofia umeme usije ukakatika. Wapo ndege ambao leo wangekuwa ngozi zilizokaushwa katika makabati ya makumbusho, nao bado wanaruka kwa sababu watu fulani walikubali kuwalea kwa namna hiyo, mmoja mmoja, msimu baada ya msimu. Nimekuwa miongoni mwa watu hao, na ninachotaka kueleza hapa ni jambo nililojifunza polepole kuliko mengine yote: kwamba mkono unaookoa spishi hauna budi kujua pia wakati wa kujiondoa, na kwamba wakati huo haujulikani kwa kubahatisha.

Kazi hii niliijifunza Morisi, kisiwa cha dodo, ndege ambaye taarifa ya mwisho ya kuonekana kwake inayokubaliwa na wengi ni ya mwaka 1662. Katika karne tatu zilizofuata, misitu ya asili ya kisiwa hicho iliendelea kufyekwa ili kupisha mashamba, hata ile iliyo katika hali nzuri ikabaki chini ya asilimia 2. Panya, paka, kima na nguchiro walioletwa na binadamu wakawa wanavamia viota vya ndege ambao hawakuwahi kuishi na maadui wa aina hiyo. Kisha, baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ikaja DDT, iliyopulizwa kwa wingi ili kuangamiza mbu wa malaria na wadudu wa mashambani. Dawa hiyo haitoki mwilini upesi. Mdudu akiipata, mjusi akamla mdudu, na kozi, ndege mdogo mwindaji, akamla mjusi, sumu hulimbikizana katika mafuta ya huyo wa mwisho, na kwa ndege jike huzuia madini ya chokaa yasijenge ganda la yai ipasavyo, hivyo mayai hupasuka chini ya mama anayeyaatamia. Kufikia mwaka 1974, kozi wa Morisi waliojulikana kuwa hai porini walikuwa 4 tu, na jike aliyekuwa akizaa alikuwa mmoja. Wakati huo alihesabiwa kuwa ndege adimu kuliko wote duniani.

Wapo wataalamu walioandika waziwazi, miaka michache baadaye, kwamba afadhali kozi huyo aachwe atoweke, na fedha zilizopo zielekezwe kwa spishi zenye matumaini zaidi. Siwadharau waliosema hivyo, kwa maana fedha za uhifadhi zilikuwa haba na zingali haba, na hakuna aliyekuwa amewahi kuirudisha spishi kutoka kwenye idadi ndogo kiasi hicho. Carl Jones, mtaalamu kijana kutoka Wales, alipofika Morisi mwaka 1979, mradi aliokabidhiwa ulikuwa ukingoni mwa kufungwa, naye alitarajiwa kuufikisha mwisho wake. Akakataa, akabaki, na maisha yake yote ya kazi akayatoa kwa ndege wa kisiwa hicho. Mimi nilifika mwanzoni mwa miaka ya 1990, nikiwa na shahada yangu na mikono ambayo haikuwahi kushika yai la ndege wa porini. Mbinu nilizofundishwa zilikuwa zilezile zilizoanza na ndege wale wachache.

Msingi wake ni tabia inayopatikana kwa ndege wengi: mayai ya kwanza yakipotea mapema, jike hutaga tena. Kozi wa Morisi kwa kawaida hutaga mayai 3 na hulea makinda mara moja kwa mwaka. Mayai hayo yakichukuliwa kutoka kwenye tundu la mwambani na kutotoleshwa kwa mashine, mama hutaga mengine na kuyaatamia mwenyewe, na kwa hiyo jozi moja huzaa mara mbili katika msimu uleule. Kwa maandishi ni jambo jepesi. Aliyewahi kuteremshwa kwa kamba kwenye ukuta wa mawe ya volkano katika mabonde ya Black River, huku jike akimpigia kelele na kumrukia kichwani, na akapanda tena na chombo chenye joto kifuani akijua kwamba mayai yale ni sehemu ya spishi nzima na wala si sehemu ya kundi fulani tu, haoni wepesi wowote ndani yake.

Yai lenyewe linapumua. Tangu linapotagwa hadi kinda anapoanza kutoboa ganda, ni lazima lipoteze takriban asilimia 15 ya uzito wake kwa njia ya maji yanayopita katika vitundu vya ganda. Likipoteza kidogo mno, kinda huvimba na kukosa nafasi ya kujigeuza. Likipoteza kupita kiasi, hukauka na kugandamana na utando. Kwa hiyo kila siku, kwa saa ileile, tuliliweka kwenye mizani, tukaandika uzito, na tukaulinganisha mstari wa kushuka kwake na mstari uliotakiwa. Mstari ukishuka haraka, tuliongeza unyevu ndani ya mashine. Unyevu usipotosha, tulipaka nta nyembamba juu ya sehemu ya ganda ili kuziba baadhi ya vitundu. Chumba kikiwa giza tulilimulika. Siku za kwanza unaona mishipa myembamba ya damu imetawanyika kutoka kwenye doa jekundu, na doa hilo linadunda. Siku za mwisho unaona kivuli kizito kimejaza yai, na mpaka wa chumba cha hewa umeinama upande mmoja. Kinda akikaribia kutoka, sauti yake husikika kabla ufa haujaonekana, na hapo ndipo moyo humsukuma mtu amsaidie kuvunja ganda. Ukilivunja mapema, mishipa ya utando ambayo bado ina damu hukatika, na kiini ambacho hakijaingia tumboni hubaki nje, naye hufa mikononi mwako. Walionitangulia walikuwa wakali mno katika jambo hili. Ganda halikuguswa isipokuwa pale kinda alipokuwa amechoka kiasi kwamba asingetoka bila msaada, na uamuzi huo haukuachiwa mtu mmoja.

Makinda walilishwa kwa kibano, vipande vidogo vya nyama, hadi walipofikia umri wa kupelekwa msituni. Baadhi yao waliwekwa katika viota vya jozi za porini ambazo mayai yake hayakuanguliwa. Wengine waliwekwa kwenye masanduku maalumu na kuletewa chakula palepale kwa muda, mpaka walipozoea kuruka na kukamata mijusi wenyewe. Wazazi wa porini nao walilishwa: mtu alipiga mluzi, kozi akatokea juu ya miti, panya mweupe aliyekufa akarushwa hewani, na ndege akamdaka kabla hajafika chini. Jike aliyeshiba hutaga mapema, na akinyang'anywa mayai hutaga tena bila kudhoofika. Masanduku ya viota yalitengenezwa kwa namna ambayo nguchiro asingeweza kuyaingia, na mitego iliwekwa kuyazunguka maeneo ya kuachilia ndege. Katika misimu 10 iliyomalizikia na ule wa 1993 hadi 1994, kozi 331 walirudishwa porini, yapata theluthi moja wakiwa wamezalishwa kizuizini na waliosalia wakitokana na mayai ya porini.

Hayo yote yalipindua elimu niliyokuja nayo. Chuoni nilifundishwa kwamba mtafiti hubainisha kwanza chanzo cha kupungua kwa spishi, akakithibitisha, kisha akapendekeza namna ya kukiondoa. Utaratibu huo una haki yake pale ambapo ndege ni maelfu. Wakiwa 4, wanakwisha kabla ripoti haijakamilika. Mambo yanayomzuia ndege yeyote asiongezeke si mengi: chakula, mahali pa kuweka kiota, maadui na magonjwa. Njia niliyofundishwa Morisi, ambayo Jones ameitetea kwa miaka mingi, ni kuyashughulikia yote kwa pamoja tangu siku ya kwanza huku ukipima kila kitu, na ndege wenyewe wakuonyeshe ni lipi lililokuwa likiwaumiza zaidi. Nimeshiriki mijadala mingi na wenzangu wanaoiona njia hii kuwa ya pupa, na sijapata kusikia kutoka kwao jibu la swali moja: mnaposubiri uhakika, nani anawalisha wale waliobaki?

Njiwa waridi wa kisiwa hichohicho, waliobaki porini wapatao 10 mwanzoni mwa miaka ya 1990, walinusurika kwa mbinu zinazofanana, ila mayai yao tuliyapeleka chini ya njiwa wa kufugwa, kwa kuwa kinda wa njiwa hunyweshwa maziwa yanayotengenezwa ndani ya gole la mzazi, yaani mfuko wa chakula ulio kooni, na kuyaiga maziwa hayo kwa mchanganyiko wa mezani ni kazi ngumu. Kasuku wa Morisi, ambao katika miaka ya 1980 hawakufika hata 20, walisaidiwa kwa kutengenezewa matundu na kwa kuhamisha makinda ambao wazazi wao wasingeweza kuwashibisha wote. Leo kila spishi kati ya hizo ina ndege mamia kadhaa, na katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi linalopanga spishi kwa kiwango cha hatari, njiwa alishushiwa daraja la hatari mwaka 2018, na kasuku mwaka 2019.

Lakini ni njiwa hao walionifundisha kuutazama mkono wangu kwa hadhari. Vituo vya chakula tulivyowawekea msituni viliwawezesha kuzaa karibu mwaka mzima, na hapohapo viliwakusanya bega kwa bega kwenye vyombo vilevile. Vimelea vya trikomonasi huenea kwa mate na kwa maji. Ukimshika njiwa aliyeambukizwa na kumfungua mdomo, unaona utando wa manjano, mzito kama jibini, umekwama kooni, na kinda aliyelishwa na mzazi wa namna hiyo huziba koo na kufa akiwa gole lake ni tupu, mita chache kutoka kwenye chombo kilichojaa nafaka. Hatukuweza kuviondoa vituo, kwa maana msitu uliobaki haukuwa na matunda ya kuwatosha. Tulichoweza ni kuviboresha, kuvisafisha kwa ratiba isiyolegezwa, na kuwatibu wagonjwa. Tangu hapo, kila msaada ninaoubuni najiuliza kwanza utaleta nini kingine pamoja nao.

Mfano mkubwa zaidi wa jambo hili sikuushuhudia mwenyewe, ila umeongoza maamuzi yangu mengi. Katika visiwa vya Chatham vya Nyuzilandi, mwaka 1980, robini weusi walibaki 5, na jike mmoja tu ndiye aliyezaa watoto wenye kuendeleza ukoo. Aliitwa Old Blue, kwa pete yake ya bluu mguuni, na aliendelea kutaga hata alipovuka umri wa miaka 10, umri mkubwa mno kwa ndege wa aina yake. Don Merton na wenzake walichukua mayai yake na kuyaweka chini ya ndege wa spishi nyingine, ili naye atage tena, na robini weusi wote walio hai leo ni wazao wake. Sasa, baadhi ya majike wa kizazi kilichofuata walikuwa na kasoro: walitaga yai ukingoni mwa kiota, mahali ambapo haliatamiwi. Kwa kuwa kila yai lilikuwa na thamani kubwa, walinzi waliyasukuma mayai hayo ndani, yakaanguliwa. Kwa kufanya hivyo waliwaokoa makinda ambao walirithi tabia hiyohiyo, nao wakairithisha, na kufikia mwaka 1989 zaidi ya nusu ya majike walikuwa wakitaga ukingoni. Hapo uamuzi ulifanywa wa kuacha kuyagusa mayai. Mengi yalipotea, na tabia hiyo ikapungua sana kadiri vizazi vilivyopita. Kama wangeendelea, wangeunda ndege asiyeweza kuzaa bila mtu kusimama kando ya kiota chake. Nikisoma habari hizo huwaza juu ya yule aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye kiota, akaliona yai ukingoni, akajua kwamba msukumo mdogo wa kidole ungeliokoa, akaliacha na kuondoka.

Nyuzilandi hiyohiyo, kwa kasuku asiyeruka aitwaye kakapo, ambao mwaka 1995 walikuwa 51, ilionekana kwamba majike waliolishwa chakula cha ziada kwa wingi walizaa madume zaidi kuliko majike, jambo ambalo kwa spishi ndogo kiasi kile lilikuwa hatari kubwa. Baada ya kulijua hilo, wahudumu walianza kuupima uzito wa kila jike na kumpa chakula cha kumfaa yeye, na uwiano ukarekebishika. Hawakuacha kulisha, walijifunza kulisha kwa kipimo.

Tofauti kati ya visa hivyo viwili ndiyo kiini cha ninachokisema. Ipo misaada inayofidia kitu ambacho sisi tumekiharibu, na ipo misaada inayofidia udhaifu wa ndege mwenyewe. Sanduku la kiota linafidia mti mzee wenye tundu ambao ulikatwa. Chakula kinafidia msitu uliofyekwa. Mtego unafidia nguchiro tuliyemleta. Misaada hiyo inaweza kuendelea kwa miaka mingi bila kumdhoofisha ndege, na haina sababu ya kusitishwa mpaka kilichoharibiwa kitengemae. Kwa kondori wa California, ambao wote waliosalia porini walikuwa wamekamatwa kufikia mwaka 1987, wakiwa 27 jumla, kuzalisha kizuizini kulifaulu vizuri na wakaanza kuachiliwa mwaka 1992, lakini bado wanakufa kwa sumu ya madini ya risasi wanayoimeza katika mizoga ya wanyama waliopigwa bunduki, na wahudumu hawana budi kuwakamata mara kwa mara na kuwapima damu. Hapo tatizo liko kwenye risasi. Msaada wa aina ya pili, ule wa kumwokoa kila kinda dhaifu na kulisahihisha kila kosa la mzazi, ni wa dharura tu, na kadiri ndege wanavyoongezeka ndivyo unavyopaswa kukatwa mapema.

Kozi wa Morisi alifanya watu wengi, mimi nikiwamo, waamini kwamba safari imekwisha. Baada ya mwaka 1994 idadi ilipanda, mradi ukapunguza nguvu zake kwake na kuwageukia njiwa na kasuku, na hilo halikuwa kosa, kwa sababu wahitaji wengine walikuwapo. Kisha idadi ikaanza kushuka, na mwaka 2014 akarudishwa kwenye kundi la spishi zilizo hatarini. Ndege wa magharibi, katika mabonde ya Black River, na wale wa milima ya Bambous mashariki, ambako walirejeshwa kwa kuachiliwa, wanaishi kama jamii mbili zilizotengana. Jeni zao pia zimepungua: ulinganisho uliofanywa kwa ngozi za kale za makumbusho, na kuchapishwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya utofauti wa jeni waliokuwa nao zamani ulipotea walipobaki wachache mno katika miaka ya 1970. Njiwa nao hawako salama kwa jambo hili, kwani uchunguzi wa jeni zao uliochapishwa mwaka 2022 ulionya kwamba wanaweza kutoweka katika miaka 50 hadi 100 ijayo wasipochanganywa na ukoo uliohifadhiwa kwa ndege wa kwenye bustani za wanyama.

Kwa maoni yangu, msaada usiondolewe wote kwa mkupuo, hata pale idadi inapofurahisha. Uondolewe mmoja baada ya mwingine, katika bonde moja huku bonde jirani likiendelea kusaidiwa, na kila ndege awe amevishwa pete za rangi ili ijulikane nani amezaa, nani amekufa na nani amehama. Misimu kadhaa ya hesabu ya namna hiyo ndiyo itakayosema kama masanduku yalikuwa nguzo au pambo. Kazi ya kuhesabu haina mvuto kwa wafadhili, ambao hupenda kugharimia uokoaji na huchoka kugharimia uangalizi, na ninaliona hilo kuwa udhaifu mkubwa kuliko uhaba wa maarifa.

Kwa kozi, ningependa kuona mambo matatu yakifanyika bila kusubiri idadi ishuke zaidi: masanduku ya viota yatunzwe na kuongezwa pale ambapo miti mizee imekwisha, makinda wachache wahamishwe kila mara kati ya mashariki na magharibi ili damu ichanganyike, na kila kinda anayefikiwa kiotani avishwe pete. Hakuna katika hayo kinachohitaji maabara mpya. Yanahitaji mbao, kamba, pete, na watu wachache wanaolipwa mwaka hadi mwaka, waliozoea kuwatambua ndege hao mmoja mmoja kwa kuwatazama.